Grinda ya mezani, tupa au kinoo? Angalia kwanza unanoa nini

Kwa mwenye haraka, jibu ni hili: kama unachonoa ni visu vya jikoni tu, grinda ya mezani, ile mota yenye mawe ya kuzunguka, haikuhusu. Nunua kinoo chenye pande mbili, basi. Kama una shamba na kazi yako ni mapanga, majembe na mashoka, nunua tupa nzuri na uitie mpini. Grinda ya mezani inaanza kuwa na maana pale unapokuwa na karakana: patasi zinazopigwa nyundo kutwa, biti za drili, tindo, visu vya randa, shoka lililomeguka. Hata hapo, mara nyingi grinda huanza kazi tu. Kinachoimaliza ni kinoo.

Muuzaji dukani hatakwambia hivyo. Mtu anaingia duka la vifaa Kariakoo analalamika kisu chake hakikati nyanya, anatoka na mashine ya inchi 6 ndani ya boksi. Baada ya muda mfupi kisu kina mabonde, ncha imegeuka rangi, na nyanya bado inapondeka badala ya kukatika. Mashine haina kosa. Imepewa kazi isiyo yake.

Ninazilinganisha hapa njia tano ambazo watu wa mitaani kwetu wanazo kweli: tupa, kinoo, fundi wa baiskeli, grinda ya mezani na grinda ya mkono. Sitazigawia nafasi sawa. Grinda ya mezani itachukua kubwa zaidi, kwa sababu ndiyo inayoulizwa sana na ndiyo yenye uwezo wa kukutoa jicho.

Tofauti yao kubwa ni joto

Kunoa ni kupunguza chuma mpaka pande mbili zikutane kwenye ukingo mwembamba. Tupa na kinoo hupunguza kidogo kidogo, na joto linalotokea halina madhara. Grinda ya mezani ni habari nyingine. Ile ya kawaida yenye jiwe la milimita 150, kwa umeme wetu wa hezi 50, huzunguka karibu mara 2,950 kwa dakika. Piga hesabu: ukingo wa jiwe unapita mbele ya vidole vyako kwa mita 23 kila sekunde, yaani zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Jiwe la milimita 200 kwenye mota ya mwendo huohuo linafika kama mita 31 kwa sekunde, kilomita 110 kwa saa. Basi likienda hivyo, trafiki analisimamisha.

Msuguano wa namna hiyo huzaa joto, na joto likiingia kwenye chuma hukosa pa kwenda likifika sehemu nyembamba. Sehemu nyembamba ndiyo makali yenyewe. Sasa, patasi au kisu cha chuma cha kaboni kilikomazwa kiwandani: kilichomwa mpaka kikawa chekundu, kikazamishwa ili kiwe kigumu, kisha kikapashwa tena kwa joto dogo, karibu na nyuzi 200 za Selsiasi, ili kisivunjike ovyo. Ukikipasha kupita hapo, ugumu unashuka na haurudi wenyewe.

Chuma hujieleza kwa rangi. Ukikisafisha kikang'aa, halafu ukakisaga, utaona rangi ya majani makavu kwenye nyuzi 220 hivi, kahawia karibu na 260, zambarau karibu na 280, kisha bluu kuanzia 290 hadi 310. Ukiona njano, toa haraka, bado hujaharibu sana. Ukiona bluu, pale pameshalegea. Kuzamisha kwenye maji baada ya bluu kutokea ni kujifariji tu. Dawa ni kuisaga ile bluu yote taratibu mpaka ukute chuma kizima, na kila milimita unayosaga ni maisha ya chombo yanayopungua.

Kuna chuma kinachovumilia: biti za drili za chuma cha kasi, zile zilizoandikwa HSS. Hizo hubaki na ugumu wake hata zikipita nyuzi 500, kwa hiyo bluu kidogo haziogopi. Zinachoogopa ni kuzamishwa kwenye maji baridi zikiwa za moto, maana hupata nyufa ndogo usizoziona. Ziache zipoe kwa hewa.

Tupa: mfalme wa shamba

Panga jipya mara nyingi hutoka dukani halina makali ya maana. Chuma chake kimeachwa laini kuliko cha kisu kwa makusudi, ili likigonga jiwe lipinde badala ya kumeguka. Ulaini huo ndio unaofanya tupa iliume. Jembe, mundu na shoka nyingi ni hivyohivyo.

Chukua tupa bapa ya inchi 10 au 12. Yenye meno ya mstari mmoja huacha uso laini, yenye meno yanayokatana hupunguza haraka. Bana panga kwenye jiliwa, ile ambayo mafundi wengi wanaiita vaisi, au lilaze kwenye ukingo wa gogo ukilikanyagia mpini. Sukuma tupa mbele, inua, rudi, sukuma tena. Anayekwaruza mbele na nyuma bila kuinua anaua meno ya tupa yake mwenyewe, kwa sababu meno hukata yakienda mbele tu. Panga la kufyekea nyasi lipe nyuzi kama 25 kila upande. La kukatia miti mibichi na mizizi liwe nene zaidi, nyuzi 30, la sivyo makali yatajikunja.

Kabla hujaanza, jaribu ugumu. Pitisha tupa taratibu pembeni mwa makali. Ikiuma, endelea. Ikiteleza huku ikilia, hicho ni chuma kigumu karibu kama tupa yenyewe, kiache. Ndiyo maana tupa haifai kwa patasi nzuri wala kwa biti za drili.

Hatari yake ni moja, na wengi wanaidharau: mkia wa tupa. Tupa isiyo na mpini ikigonga kitu ghafla, ule mkia uliochongoka unaingia kwenye kiganja. Kipande cha mti kilichotobolewa kinatosha kuuzuia. Na ukiona meno yamejaa vumbi la chuma, sugua kwa brashi ya waya. Kabla ya kuanza tena, paka chaki ya shule; vumbi halitang'ang'ania.

Kinoo: polepole, lakini ndicho kinachokata nyanya

Kwa jikoni sijaona kinachoshinda jiwe la kunolea la pande mbili, namba 400 upande mmoja na 1000 upande wa pili. Namba ndogo ni punje kubwa. Yale mawe ya kijivu yanayouzwa chini barabarani bila namba yana punje kubwa mno. Yanafaa kuondoa pengo, si kumalizia.

Jiwe la maji liache majini mpaka mapovu yaishe, kama dakika 10. Ukichagua kutumia mafuta, basi litumie na mafuta siku zote. Jiwe lililokunywa mafuta halipokei maji tena.

Swali la kila mtu ni pembe. Hapa kuna hesabu isiyohitaji kifaa: pima upana wa kisu kutoka makali hadi mgongo, gawanya kwa 3, na mgongo uinuke kutoka kwenye jiwe kwa kipimo hicho. Kisu cha upana wa milimita 45, mgongo uwe juu milimita 15. Hapo umepata karibu nyuzi 20. Ukigawanya kwa 4 unapata chini kidogo ya 15, ambayo ni nzuri kwa kisu cha samaki au cha kuchuna, lakini kisu cha kukatia mifupa midogo kitameguka.

Noa upande mmoja mpaka upande wa pili, ukipapasa kwa kidole kutoka mgongoni kwenda nje, usikie chuma chembamba kimekunjikia huko. Usipokisikia, hujafika kwenye makali, endelea. Ukikisikia toka mwanzo hadi ncha, geuza. Kisha hamia upande wa 1000, punguza nguvu, badilisha pande mara kwa mara, na umalizie kwa kukisugua kwenye mkanda wa ngozi au kipande cha jinzi, makali yakifuata nyuma. Watu wengi wanaosema kinoo hakifanyi kazi wanaishia pale chuma kilipokunjika. Kisu kinakata vizuri siku ya kwanza, ile mikunjo inavunjika, kesho yake ni butu.

Na usicheke wanaonoa kwenye kitako cha kikombe cha kauri. Ule mduara wa chini usio na vanishi ni mgumu vya kutosha kurudisha makali yaliyochoka kidogo. Ngazi ya saruji, hapana. Saruji ina punje zisizolingana, inachana ukingo.

Fundi wa baiskeli

Anapandisha baiskeli kwenye stendi, anakanyaga pedali, mkanda unazungusha jiwe dogo mbele ya usukani. Cherehe ya miguu. Siku chache kabla ya Idi ya kuchinja foleni yake ni ndefu, na inafaa iwe hivyo; anayechinja ametakiwa kukitia kisu makali ili mnyama asiteseke.

Ukimlinganisha na grinda ya mezani, ana faida mbili. Mwendo wa miguu kwa kawaida haufiki wa mota, na nguvu yake ni ndogo, kwa hiyo kisu kikinasa, jiwe linasimama. Mota haisimami, inakivuta kisu na mkono wako pamoja nacho. Lakini jiwe lake bado ni kavu, na baadhi yao huridhisha mteja kwa cheche. Mtazame anavyofanya na kisu cha mtu mwingine kabla hujatoa chako. Anayepitisha ubapa wote kwa mpigo mmoja mwepesi kutoka shingoni hadi nchani, mara kadhaa, akigusa kwa kidole kupima joto, huyo mpe. Anayekandamiza sehemu moja mpaka cheche zinaruka mita nzima, mwambie utarudi. Na ukifika nyumbani, mpigo wa mwisho kwenye kinoo utaongeza sana alichofanya.

Grinda ya mezani

Tuanze na jiwe, kwa sababu mashine bila jiwe sahihi ni mota tu. Pembeni mwa jiwe kuna karatasi ya duara yenye maandishi kama A 60 K 5 V. Herufi ya kwanza ni aina ya punje: A ni alumini oksidi, kwa vyuma vya kawaida na vya zana, C ni silikoni kabaidi. Lile la kijani ni silikoni kabaidi pia, kwa zana zenye ncha za kabaidi. Namba 60 ni ukubwa wa punje. K ni ugumu wa jiwe, yaani gundi imeshika punje kwa nguvu kiasi gani; herufi za mwanzo wa alfabeti ni laini, za mwisho ni ngumu. Namba 5 ni jinsi punje zilivyokaribiana. V maana yake gundi ni ya udongo uliochomwa.

Watu hudhani chuma kigumu kinataka jiwe gumu. Ni kinyume. Jiwe laini huachia punje zilizochoka zidondoke, punje mpya kali zinatokea. Jiwe gumu hushikilia punje butu, na punje butu hazikati, zinasugua, na kusugua ni joto. Mawe ya kijivu ya 36 na 60 yanayokuja na mashine kwenye boksi ni ya kazi za chuma cha kawaida, kulainisha viungo vya kuchomelea na kadhalika. Kama lengo lako ni patasi na visu vya randa, badili moja kati yao uweke jeupe la 80, ugumu wa J au K. Ukiuliza mimi, jiwe hilo linaongeza ubora wa kazi kuliko kununua mashine ya bei mara mbili.

Kabla ya kulifunga, ligonge. Lining'inize kwa kidole au kijiti kupitia tundu la katikati, likiwa kavu, uligonge taratibu kwa mpini wa plastiki wa bisibisi, pembeni, sentimita 3 hadi 5 kutoka ukingoni. Jiwe zima linatoa mlio safi unaobaki hewani. Lenye ufa linatoa mlio uliokufa. Lenye ufa usiliweke pembeni "kwa kazi ndogondogo". Livunje kabisa, asije mwingine akaliokota. Kisha soma mwendo wa juu ulioandikwa kwenye jiwe na ulioandikwa kwenye mashine: wa jiwe lazima uwe sawa au zaidi.

Usitupe zile karatasi za duara. Ndizo zinazogawanya mkandamizo wa flanji, vile visahani vya chuma vinavyolibana jiwe pande zote mbili. Nati kaza kiasi, si kwa kupigia spana nyundo. Na kwenye mashine nyingi nati ya upande wa kushoto ina nyuzi zilizogeuzwa, inafunguka kwa kuelekea upande unaozunguka mshale wa saa. Wengi wameikaza mpaka wakavunja jiwe wakidhani wanaifungua.

Halafu egemeo, kile kibao cha chuma mbele ya jiwe. Nafasi kati yake na jiwe isizidi milimita 3. Kibati cha juu kinachozuia cheche kisizidi milimita 6. Hii si mapambo. Nafasi ikiwa kubwa, chombo chembamba kinavutwa chini kati ya egemeo na jiwe, kinabana, na jiwe linapasuka kwa mwendo ule wa kilomita 80. Jiwe likilika, nafasi inakua, kwa hiyo sogeza egemeo kila mara, mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa. Gereji nyingi utakuta egemeo limeng'olewa kabisa na kava lipo kwenye kona. Hapo usinoe chochote, hata kama mwenyewe anakwambia wamezoea.

Ukishafunga jiwe jipya, washa, kaa pembeni, si mbele, na liache lizunguke dakika nzima bila kugusa. Kama lina kasoro, huo ndio muda litakapojionyesha.

Mavazi. Glovu usivae, hapa watu hubishana, lakini glovu ikigusa jiwe huvutwa pamoja na mkono, na pia inakuficha joto ambalo kidole kitupu kingekwambia mapema. Mikono mipana, ncha ya ushungi, kanga ya begani, tai, mkufu, utepe wa kitambulisho, vyote vifungwe au vivuliwe. Aliyetoka msikitini Ijumaa na kanzu yake abadili kwanza. Miwani iwe ya kinga yenye kuziba pembeni; miwani ya kusomea haizuii kitu, na kile kioo kidogo cha mashine hakitoshi peke yake. Kipande cha chuma kikiingia jichoni, ni hospitali. Si rafiki mwenye njiti ya kiberiti, ingawa kila gereji ina mmoja anayejiita bingwa wa kutoa.

Vumbi nalo. Karne ya 19 wanoaji wa Sheffield, Uingereza, waliotumia mawe ya asili ya mchanga walikufa vijana kwa ugonjwa wa mapafu, hasa waliosaga uma kwa jiwe kavu bila maji. Punje za silika ndizo zilizowaua. Edward Acheson alitengeneza silikoni kabaidi mwaka 1891, na baadaye mawe ya viwandani yakachukua nafasi ya mchanga. Mawe ya leo hayana hatari ileile, lakini vumbi la chuma na la gundi bado si la kuvuta. Barakoa, na mlango wazi.

Na kama wewe ni seremala, angalia cheche zinaangukia wapi. Karakana za samani kama za Keko zina vumbi la mbao, vanishi na thina mahali pamoja. Grinda iwe na kona yake, mbali na hivyo vyote, sakafu imefagiwa. Mwenye kuajiri ajue pia kwamba vifaa vya kinga ni wajibu wake kisheria: Tanzania kwa sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya 2003, Kenya kwa ya 2007.

Sasa kazi yenyewe. Patasi ndiyo inayoonyesha grinda ilivyo bora. Pembe ya msingi ni nyuzi 25. Kuipima, tazama ule uso ulioinama: urefu wake ukiwa mara 2 ya unene wa patasi, ni nyuzi 30; ukiwa mara 2.4 hivi, ni 25. Weka egemeo kwa pembe hiyo, laza patasi, gusa jiwe kwa upole ukienda kushoto na kulia bila kusimama. Sekunde mbili tatu, kisha majini. Usisubiri moto, zamisha kabla haujaja. Tone la maji lililobaki juu ya patasi ni kipimo kizuri, likianza kuchemka umechelewa. Usisage mpaka ukingo uwe mwembamba kabisa. Acha kijistari chembamba kwa ajili ya kinoo.

Jiwe la duara linaacha kibonde kidogo kwenye uso huo. Kibonde hicho ni zawadi. Ukiilaza patasi kwenye kinoo, inagusa sehemu mbili tu, nyuma na kwenye makali, kwa hiyo inakaa bila kuyumba na unanoa chuma kidogo sana. Utarudi kinooni mara nyingi kabla ya kuihitaji grinda tena, mpaka kibonde kiishe. Anayepeleka patasi kwenye grinda kila asubuhi anaila.

Biti za drili hazina mbadala: tupa haiziumi, kinoo ni kuchosha. Pembe yote ya ncha ni nyuzi 118, yaani 59 kila upande. La muhimu kuliko hata pembe ni midomo miwili ilingane urefu. Ikipishana, tundu linakuwa kubwa kuliko biti. Tindo nayo ni ya hapa, nyuzi 60 kwa kazi za kawaida, na usisahau kichwa chake. Kichwa kilichochanua kwa kupigwa hurusha vipande. Kisage kirudi kuwa sawa.

Visu vya jikoni, kama umeshikwa na haja, vipeleke kwa sababu mbili tu: pengo kubwa, au ncha iliyovunjika. Kwa ncha kuna ujanja mzuri. Usiguse makali. Saga mgongo ushuke taratibu mpaka ukutane na makali, utapata ncha mpya bila kuharibu kitu.

Usisage alumini, shaba wala mbao kwenye jiwe hili. Zinaziba matundu yake, jiwe linang'aa, linapata moto na linaweza kupasuka. Usitumie ubavu wa jiwe la kawaida, halikutengenezwa kubeba nguvu kutoka upande huo. Likishaziba au kupinda, lichonge kwa kifaa chenye ncha ya almasi. Ni kidogo, na bila hicho jiwe zuri linageuka baya.

Zipo grinda za mwendo wa nusu, mizunguko 1,450, na zipo za jiwe kubwa linalozunguka polepole ndani ya maji. Zinapunguza joto kweli, za maji zinaliondoa kabisa. Bei yake na uhaba wake madukani ndiyo hoja. Anayenoa kwa biashara, visu vya hoteli na mabucha, azitafute. Wengine jiwe jeupe na kopo la maji linatosha.

Kwa kifupi, chombo kwa chombo

| Chombo | Anzia | Malizia |
|---|---|---|
| Kisu cha jikoni | kinoo 400 | kinoo 1000, ngozi |
| Panga, jembe, mundu | tupa | tupa hiyohiyo, mkono mwepesi |
| Shoka | tupa; grinda likimeguka tu | kinoo |
| Patasi, kisu cha randa | grinda, jiwe jeupe 80 | kinoo |
| Biti ya drili | grinda | basi |
| Tindo | grinda | basi |

Grinda ya mkono

Nimeiacha nje ya jedwali kwa makusudi. Vijana wengi wananoa panga kwa grinda ya mkono ya milimita 115, ile ya mizunguko 11,000 kwa dakika. Ukingo wa diski unakwenda mita 66 kwa sekunde, karibu mara tatu ya ile ya mezani, na hapa mashine ndiyo inayotembea. Kibaya zaidi ni kutumia ubavu wa diski nyembamba ya kukatia. Diski hiyo imetengenezwa kukata kwa ukingo tu. Ikisukumwa ubavuni inapasuka, na mara nyingi kava limeshaondolewa ili ipate nafasi. Kama jembe au panga lina mapengo makubwa na huna njia nyingine, tumia diski ya vipande vya msasa, kava likiwepo, chombo kimebanwa kwenye jiliwa, mikono miwili kwenye mashine. Kisha malizia kwa tupa.

Ukinunua iliyotumika

Mashine nyingi zilizotumika huja na makontena. Soma kibao chake kabla ya bei. Ya Japani imeandikwa volti 100, ya Marekani mara nyingi 110 hadi 120 na hezi 60. Ukiichomeka kwenye 230 yetu bila transfoma, unanunua moshi. Mawe yaliyokuja nayo usiyaamini, nunua mapya.

Tikisa mhimili kwa mkono, usiwe na nafasi. Washa, usikilize. Zima, uangalie jiwe linavyosimama: lizunguke kwa muda bila kukwaruza, lipunguze mwendo taratibu. Likisimama upesi kwa mlio wa mchanga, beringi zimekwisha. Beringi zinabadilishwa kwa hela kidogo, kwa hiyo hilo litumie kupunguzia bei. Mota inayonuka kuungua, iache hapohapo.